Somo la Siku ya Pili

Cheti changu cha huduma ya kwanza kiko chini ya godoro, ndani ya mfuko wa plastiki, na hakina hata mkunjo. Kina majina yangu yote matatu, na chini yake imeandikwa kwamba nimehudhuria mafunzo ya siku tatu ya kuwasaidia majeruhi wa ajali za barabarani. Ni uongo. Nilihudhuria siku moja.

Mimi ni mwendesha bodaboda wa Mokowe, upande wa bara, pale mabasi ya Mombasa yanaposhusha watu na boti zinawapokea kuwavusha hadi kisiwani Amu, yaani Lamu. Nilitoka Ukambani nikaja kufanya kibarua kwenye ujenzi wa bandari. Kibarua kikaisha, nikanunua pikipiki, nikabaki. Nina mdomo. Mtu akiniuliza kwa nini nimechelewa, namjibu kwa mzaha kabla hajamaliza kuuliza, na wenzangu wakicheka najiona nimeshinda. Ninasema hili mapema kwa sababu mdomo huo una sehemu yake katika habari hii.

Steji yetu ina foleni, na foleni ina sheria. Unaondoka na abiria, ukirudi unaenda nyuma. Kwa miaka mingi aliyekuwa akisimama mbele yangu asubuhi ni Mwamu mmoja, mtu wa mji wa kale, mwembamba, mwenye adabu iliyokuwa ikinichosha. Kila alfajiri alivuka na boti kuja kufanya kazi, na jioni akavuka kurudi kwake. Pikipiki ililala Mokowe, yeye akalala Amu. Tulimwambia kwamba pikipiki ile ni mke wake wa bara, na kwamba mke wa kisiwani siku akijua kutakuwa na kesi kwa kadhi. Alikuwa akicheka kwa haya, mkono mdomoni. Hakuwahi kunirudishia mzaha hata siku moja, na mimi nilichukulia kwamba hana wa kurudisha.

Mafunzo yaliletwa shuleni wakati wa likizo. Mwalimu alikuwa muuguzi mstaafu, bibi wa Amu mwenye miwani mikubwa, na sote tulimwita Bi Mwalimu. Alikuja na bendeji, vipande vya mbao, na sanamu ya mtu isiyokuwa na miguu. Tuliambiwa tutapewa jaketi za kumetameta na vyeti. Jaketi tulizitaka sana, maana polisi walikuwa wameanza kusumbua wasio nazo.

Tatizo lilikuwa mabasi. Basi halingoji mtu amalize masomo. Likifika na steji iko tupu, abiria wanabeba mizigo yao wenyewe hadi gatini, na siku ya pili wanazoea. Ndipo mwenyekiti wetu wa steji, mtu mzima, mkubwa wa mwili na mwepesi wa uamuzi, akaja na mpango. Tugawane masomo kama tunavyogawana abiria. Kundi la kwanza liende siku ya kwanza, la pili siku ya pili, la tatu siku ya tatu. Kila kundi liwaandikie wengine majina kwenye daftari la mahudhurio. Jioni waliosoma wawaeleze wasiosoma, na mwisho wa yote sote tutakuwa tumesoma kila kitu. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Siku yangu ilikuwa ya kwanza, siku ya damu. Niliipenda. Nilijifunza kukandamiza kidonda, kuinua mkono juu, kufunga kitambaa bila kuzuia damu yote kupita. Bi Mwalimu alinisifu mbele ya wengine kwamba nina mkono mzuri. Jioni niliwaeleza wenzangu, na kwa vile damu ni kitu cha kuonekana, walinisikiliza.

Siku ya pili ilikuwa ya mifupa, shingo na mgongo, na yule Mwamu alikuwa katika kundi hilo. Alitoka darasani alasiri, uso umejaa hamu, akaja moja kwa moja hadi kwenye benchi letu la steji.

"Bwana, lala hapa tini," akaniambia. "Lala, nikuonyeshe."

Nikalala kwenye benchi. Akaenda upande wa kichwa, akapiga magoti, akanishika kichwa kwa mikono miwili, viganja kwenye masikio. Akaanza kueleza kwamba mtu akianguka na pikipiki, hata kama hana damu, hata kama anasema, huenda mongo wake, yaani mgongo, umevundika. Asikalishwe. Asiinuliwe. Ashikwe kitwa hivi, kisitikisike, mpaka gari lije na ubao.

Mimi nikafumba macho nikasema kwa sauti ya maiti, "Mnioshe polepole, maji yasiwe baridi."

Steji nzima ilianguka kwa kicheko. Mwenyekiti alifuta machozi. Yule Mwamu naye alicheka kidogo, lakini hakuniachia kichwa.

"Msiteke," akasema. "Haya ni maneno ya kweli. Nisikizani kwanza."

Basi likapiga honi pale kwenye kona. Nikajichomoa mikononi mwake, nikaruka, nikawasha pikipiki. Sote tuliondoka. Alibaki amepiga magoti kando ya benchi tupu, kisha naye akainuka akawasha ya kwake, maana naye ana watoto. Somo la siku ya pili liliishia hapo. Hakuna aliyemwambia alimalizie.

Siku ya tatu Bi Mwalimu alifungua daftari la mahudhurio, akalitazama, akavua miwani. Majina ishirini na kitu, hati za mikono mitatu. Hakupiga kelele. Alituita wote, mabasi yakiwa hayajafika, akasema, "Mumegawana somo kama nyama ya udhiya. Mwenye paja hana ini, mwenye ini hana paja. Siku ya haja mutafanya nini?"

Nikamjibu kutoka nyuma, "Tutampigia simu mwenye ini."

Walicheka tena. Alitugawia vyeti kwa sababu vilikuwa vimeshachapishwa, akatwambia nyuma kuna nambari ya kuita gari la wagonjwa, tuiweke kwenye simu. Nilikwenda na changu nyumbani nikakitia chini ya godoro. Nambari sikuiweka kwenye simu.

Miezi ilipita. Asubuhi moja nilikuwa narudi kutoka Hindi, mji wa huku huku bara, bila abiria, na yule Mwamu alikuwa mbele yangu, mbali kidogo, naye bila abiria. Barabara ya lami pale imenyooka na ni tupu. Ndama alitoka vichakani upande wa kushoto. Niliona taa yake ya breki, nikaona pikipiki ikilala, nikamwona yeye akiteleza peke yake kama gunia, kisha akabaki hapo.

Nilipofika alikuwa amelala chali, nusu kwenye lami, nusu kwenye mchanga. Macho yalikuwa wazi. Kiatu kimoja kilikuwa kimetoka. Nilipiga magoti nikamkagua kama nilivyofundishwa. Nilitafuta damu. Nilipapasa kichwa, kifua, tumbo, mapaja. Damu haikuwapo, isipokuwa kiwiko kilichochunika. Nilitoa leso nikakifunga kiwiko kile, nikakifunga vizuri sana, na naona haya kusema kwamba nilifurahi. Nikamwambia, "Umepona, bwana. Hakuna kitu."

Akasema kwa sauti ndogo, ikabidi niinamishe sikio, "Niwate papa hapa tini. Msiniinue. Ni mongo. Nishike kitwa, uite gari."

Nilimsikia. Nilimwelewa neno kwa neno: nimwache pale pale chini, nimshike kichwa, niite gari. Nimekaa na Waamu miaka kumi na moja, lahaja yao hainipigi chenga. Nikatazama ule mguu usio na kiatu, nikaona vidole vinacheza. Vilikuwa vinakwaruza mchanga, polepole, vyote vitano.

Mwenyekiti akafika kutoka upande wa Mokowe, akaegesha pikipiki katikati ya barabara. Watu wawili watatu walikuwa wameshasimama, na mmoja ametoa simu anapiga picha. Sisi watu wa bodaboda tuna neno letu, kwamba mwenzetu halali barabarani. Abiria anaweza kulala, tajiri mwenye gari anaweza kulala akingoja polisi, lakini mwenzetu tunamwinua na kwenda naye kabla vumbi halijatua. Ndivyo tunavyojivunia, na tumewahi kuwafokea watu wa steji nyingine kwa kumwacha mtu wao juani nusu saa. Hata mtu akifa, asifie pale wanapopita ng'ombe.

"Boti ya kasi ya kwenda Amu, kwenye hospitali, imejaa, inataka kung'oa nanga," mwenyekiti akasema. "Nikimpigia nahodha atatusubiri dakika kumi. Tukikosa hiyo, mpaka nyingine. Anasemaje?"

Hilo swali nalisikia hadi leo. Anasemaje. Aliniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na sikio karibu.

"Anaweweseka," nikasema.

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejipa majibu mengi. Kwamba nilifikiri ni maumivu yanayosema. Kwamba nilichanganyikiwa. Yote ni maneno ya kujifariji. Ukweli ni kwamba kushika kichwa cha mtu na kungoja kulionekana kwangu ni uzembe. Watu walikuwa wanatazama. Nilitaka kuonekana nimefanya jambo. Na mtu aliyekuwa ananiomba nisifanye chochote alikuwa ni yuleyule niliyezoea kutomsikiliza.

Mwenye ini ndiye aliyekuwa amelala chini, na alijaribu kunigawia.

Tulimweka mshikaki. Asiyejua, mshikaki ni kupanga watu juu ya pikipiki moja kama vipande vya nyama kijitini. Mimi mbele, yeye katikati ameketishwa, mwenyekiti nyuma amemkumbatia. Tulipomkalisha alitoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa mtu. Kidevu chake kikakaa begani kwangu. Nilikwenda kasi. Kila kwenye tuta kidevu kiligonga bega langu. Mara moja alisema, "Niwateni," nikamjibu, "Tumefika, bwana, tumefika," na hatukuwa tumefika. Baada ya kalvati kubwa hakusema tena.

Gatini alikuwa amezimia. Wanaume wanne walimteremsha ngazi hadi ndani ya boti. Mimi nilishika miguu. Nilipoilaza juu ya ubao wa boti niliuachilia ule mguu mtupu, ukaanguka upande, ukabaki vile ulivyoanguka. Mchanga ulikuwa bado kwenye vidole. Nilivitazama hadi Amu. Boti ilikuwa inaruka juu ya maji, kila kitu mle ndani kinatikisika, vidole vile havichezi vyenyewe.

Hospitalini daktari alitoka akauliza nani alikuwa naye pale alipoanguka. Nikasema mimi. Akaniuliza, "Ulipomkuta, miguu ilikuwa inasogea?"

"Sikuangalia," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wangu wa pili siku hiyo.

Walimvusha hadi uwanja wa ndege wa Manda akapandishwa ndege kwenda Mombasa. Alikaa huko miezi. Sisi wa steji tulichanga, tukatuma salamu, na mwenyekiti alikwenda kumwona mara mbili. Mimi nilikuwa na sababu kila mara. Pikipiki ina ubovu, nina homa, mwezi ujao. Nilisikia kwamba madaktari wa huko walisema huenda mgongo ulikwishaharibika pale pale alipoanguka, huenda uliharibika baadaye, hakuna awezaye kujua. Mwenyekiti aliniletea maneno hayo kama zawadi. Nilishukuru. Lakini mimi nilikuwa nimeviona vidole.

Mwenzetu aliporudi Amu ilibidi niende. Mkewe alinifungulia mlango akanikaribisha kwa upole, "Karibu, shemeji, alikuwa akikuulizia." Mumewe alikuwa chumba cha chini, kando ya dirisha, kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa kipya bado. Alikuwa amekonda zaidi, ndevu zimeingia mvi. Tulikunywa kahawa. Nilijaribu mzaha kuhusu mke wake wa bara kwamba amekuwa mjane, na mzaha ukafa mdomoni.

Mkewe alipotoka, yeye aliweka kikombe chini akaniuliza, "Bwana, hebu nambia. Siku ile mimi nakumbuka yule ndama, kisha nakumbuka Mombasa. Katikati hamna kitu. Nalisema lolote?"

"Kama nini?"

"Mimi ndimi nalosoma habari za mongo. Wengine hamkuwako. Nalikwambiani msiniinue?"

Alikuwa ananitazama bila hasira. Alikuwa anataka kujua tu. Mlango ulikuwa wazi pale, na kuingia ilikuwa ni kusema neno moja.

"Hapana," nikasema. "Hukusema kitu. Ulikuwa umezimia."

Akaitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi. Kisha akasema, "Basi makosa ni yangu. Nalijua mimi peke yangu, nami nikanyamaa."

Ningeweza kumwambia mtu aliyezimia hana makosa, na nilimwambia, lakini alitikisa mkono. Alisema ilimpasa ajitahidi kusema kabla ya kuzimia. Alisema Mngu alimpa elimu ile siku moja ili aitumie siku moja, na siku ilipofika hakuitumia. Tangu siku hiyo nilimsikia akilisema jambo hilo kwa wageni, kwa jamaa zake, hata kwa fundi aliyekuja kutengeneza kiti. Na mimi niko pale, nakunywa kahawa yake.

Nilianza kwenda kila Ijumaa. Saa tano na nusu nilikuwa natoka foleni, navuka, namsukuma hadi msikitini. Vichochoro vya Amu havikujengwa kwa magurudumu. Kuna vidaraja vya mitaro, kuna ngazi mbili hapa na tatu pale, kuna punda anayekuja na mifuko ya saruji na hana pa kupishia. Nilijifunza kukiinamisha kiti nyuma, kukiteremsha kinyumenyume, kukiinua bila kumtikisa. Niliangalia sana nisimtikise. Mlangoni mwa msikiti wenzake walimpokea, mimi nikakaa nje kwenye baraza na viatu vyake pembeni mpaka sala iishe. Watu wa mtaa walianza kunisalimia. Mzee mmoja aliniambia, "Wewe ni Mkristo, lakini una imani kuliko sisi." Mkewe aliwaambia majirani kwamba ndugu wa tumbo moja hangefanya kama mimi. Nilirudi Ijumaa iliyofuata vilevile, na iliyofuata, karibu miaka mitatu.

Mtu anaweza kudhani nilikuwa natubu. Nami nilidhani hivyo. Sasa naona nilikuwa nalinda uongo wangu kwa karibu, kama mtu anayekaa kando ya sufuria ili isifurike.

Mwaka huu Bi Mwalimu alirudi Mokowe na mafunzo. Safari hii mwenyekiti hakutaka kusikia habari ya kugawana. Alifunga steji siku tatu. Mabasi yalifika, abiria wakabeba masanduku vichwani wakitutukana, na sisi tulikuwa darasani kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Bi Mwalimu alikuwa na ombi. Alitaka somo la siku ya pili lianzishwe na yule mwenzetu. Naye akakubali.

Nilimvusha mimi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika Mokowe tangu siku ile. Gatini alizitazama zile ngazi.

Darasani Bi Mwalimu alitaka mtu wa kujilaza juu ya meza, awe majeruhi. Kila mtu alitazama chini. Mwenyekiti akasema, "Rafiki yake alale," na wote wakaona inafaa. Nikalala chali juu ya meza. Kiti chake kikasukumwa hadi kichwani kwangu. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, viganja kwenye masikio, vilevile kama siku ile ya benchi. Safari hii hakuna aliyecheka.

Alianza kueleza. Aliwaambia vidole viwekwe wapi, nani ashike mabega, nani ahesabu. Sauti yake ilinifikia zaidi kupitia viganja vyake kuliko masikioni. Nilikuwa namtazama usoni kutoka chini, nami sikuweza kugeuza kichwa, kwa sababu alikuwa amekishika barabara.

"Na neno moya," akasema. "Mutu akianguka, na ulimi anao, aseme. Mimi nalijua haya yote. Nalikuwa nimesomeshwa. Siku yangu ilipofika nikanyamaa. Wenzangu hawakuwa na makosa, wao walitaka kuniokoa. Makosa ni yangu mwenye kuyua."

Nilimsikia mwenyekiti akivuta kamasi huko nyuma. Na hapo sikuweza kuficha tena.

"Ulisema," nikamwambia.

Nilisema kwa sauti ndogo, ikabidi ainamishe kichwa. "Nni?"

"Ulisema. Uliniambia tusikuinue. Nilikusikia."

Mikono yake haikutikisika. Nilingoja aniachie, au anikamue, au anipige, na ningefurahi kwa lolote kati ya hayo. Alinishika vilevile. Macho yake yalikuwa juu ya yangu muda mrefu. Kisha akainua uso akawaambia darasa sasa wahesabu hadi tatu na kunigeuza upande, mwili wote kwa pamoja, na yeye ndiye atakayetoa amri. Akahesabu. Wakanigeuza. Bi Mwalimu aliposema basi, ndipo alipoondoa mikono, mmoja, kisha wa pili.

Kwenye boti ya kurudi tulikaa nyuma, kiti chake kimefungwa kamba, mwenyekiti kando yetu. Mwamu akaniuliza alisema nini hasa siku ile. Nikamwambia yote. Maneno yake kama alivyoyasema, swali la mwenyekiti, na jibu langu.

"Na maguu?" akauliza.

"Vidole vilikuwa vinacheza. Vyote vya mguu ule usio na kiatu."

Mwenyekiti alinigeukia. "Uliniambia anaweweseka," akasema. Alilirudia mara mbili, kwa sauti ya chini, kisha akahamia mbele ya boti.

Mwamu alikuwa anatazama maji. Kitu kililegea usoni mwake, nacho hakikuwa msamaha, sijidanganyi. Alikuwa kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoambiwa amekipoteza mwenyewe.

"Basi nalisema," akasema. Akarudia, "Nalisema."

Miaka mitatu nilimnyima neno hilo moja, kwamba alisema. Miguu huenda niliichukua, huenda sikuichukua, hakuna awezaye kujua. Lakini hilo nilimnyima kwa hakika, kila Ijumaa, huku nikimsukuma.

Amu gatini alimwita mtu mwingine, mbeba mizigo aliyekuwa amekaa hapo, amsukume hadi nyumbani. Nilishika mpini kwa mazoea. Aliweka mkono juu ya wangu, akauondoa kwenye mpini, bila nguvu.

"Ijumaa usiye, bwana," akasema.

Alisema nisije, na sijaenda. Mwenyekiti alirudi kusema nami baada ya wiki chache, kwa mambo ya kazi tu. Yeye ndiye anayenipa habari. Aliniambia mwenzetu alipelekwa Kizingitini, kisiwa cha Pate, kuwafundisha watu wa bodaboda wa huko, na kwamba somo lake limebadilika. Hawaambii tena kwamba alinyamaza. Anawaambia kwamba alisema, aliyekuwa karibu hakumsikiliza, na kwamba kabla ya kumwinua mtu wamsikilize kwanza aliye chini.

Nilimuuliza mwenyekiti kama alimtaja huyo aliyekuwa karibu. Akasema hakumtaja. Mtu mmoja wa Kizingitini aliuliza ni nani, naye akajibu kwamba ni mtu aliyekuwa akisimama nyuma yake kwenye foleni.